Maikrofoni ya penseli iliyonyamaza baada ya kukazwa: uchambuzi wa kisa kimoja

Wanafunzi sita wa kidato cha tatu, katika shule ya sekondari ya kutwa ninakofundisha fizikia mkoani Morogoro, walitengeneza maikrofoni kwa vijiti vitatu vya penseli, kisanduku cha kiberiti, betri moja ya tochi na iafoni (kisikilizio cha kuvaa masikioni) kuukuu iliyokufa upande mmoja. Ilifanya kazi kwa siku nne. Siku ya tano, mbele ya waamuzi wa maonyesho ya wanafunzi, haikutoa sauti yoyote, ingawa hakuna waya uliokuwa umekatika, betri ilikuwa mpya, na kila kiungo kilikuwa kimekazwa kuliko siku zote zilizotangulia. Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu hitilafu ile ilizaliwa na bidii ya wanafunzi wenyewe, na bidii hiyo ilitokana na jambo nililokuwa nimewafundisha mimi.

Kwanza niseme neno kuhusu majina. Katika mazungumzo ya kila siku, kipaza sauti ni kile anachoshika msemaji mkononi, na pia ni ile spika inayofungwa juu ya mnara wa msikiti au kwenye paa la gari la matangazo. Katika kisa hiki vitu hivyo viwili viko kwenye ncha mbili za saketi moja na kazi zao zinapingana, kwa hiyo kinachopokea sauti nitakiita maikrofoni, na kinachoitoa, ambacho kwetu kilikuwa iafoni, nitakiita iafoni.

Ujenzi wenyewe ulikuwa hivi. Penseli za HB zilipasuliwa kwa wembe, kwa kufuata ule mstari mwembamba ambapo nusu mbili za mti zimegundishwa, hadi kijiti cheusi cha ndani kikatoka kizima. Wengi hukiita risasi, lakini hakina risasi hata chembe. Ni grafiti, ambayo ni namna mojawapo ya kaboni, iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi kisha ikachomwa tanuruni. Penseli za rangi hazifai, kwa kuwa kiini chake ni nta na rangi, vitu ambavyo havipitishi umeme, na kikundi kingine darasani kilipoteza alasiri nzima kabla ya kulitambua hilo. Vijiti viwili vyenye urefu wa sentimita saba hivi vilipitishwa kwenye kuta mbili fupi za droo ya kiberiti, vikiwa sambamba, juu kidogo ya sakafu yake, na nafasi ya sentimita mbili kati yao. Juu ya viwili hivyo kikalazwa kijiti cha tatu, kifupi, kikivuka kama ubao uliolazwa juu ya reli. Mahali pa kugusana palikwanguliwa kidogo kwa wembe ili grafiti safi iguse grafiti safi. Kijiti hicho cha tatu hakikufungwa wala kugundishwa. Kilikaa kwa uzito wake tu.

Kazi iliyowasumbua zaidi siku ya kwanza ilikuwa nyuzi za iafoni. Nyuzi hizo, zenye rangi ya dhahabu, nyekundu au kijani, humdanganya mtu kwa kung'aa kama shaba tupu, kumbe zimepakwa vanishi isiyopitisha umeme, na mara nyingi zimesokotwa pamoja na nyuzi za nailoni. Ukizifunga kwenye betri jinsi zilivyo, hupati kitu. Wanafunzi waliziunguza ncha kwa mwali wa kiberiti kwa sekunde moja au mbili, wakazisugua kwa msasa mpaka shaba halisi ikaonekana, ndipo wakaziunga. Saketi ilikuwa ya mfululizo: kutoka betri ya volti 1.5, kupita kwenye maikrofoni, kisha kwenye upande mmoja wa iafoni, na kurudi kwenye betri. Hapakuwa na amplifaya, yaani kikuza sauti, wala swichi.

Saa ya ukutani ilipolazwa juu ya meza kando ya kisanduku, mtu aliyevaa iafoni kwenye chumba cha pili aliusikia mshale wa sekunde ukigonga. Ukucha ulipopitishwa juu ya meza, alisikia mkwaruzo. Sauti ya mtu aliyezungumza karibu na kisanduku ilipita pia, ikiwa na ukwaruaji mwingi, lakini maneno yalieleweka. Niliwaona wanafunzi wakibadilishana iafoni ile kwa zamu hadi kengele ya kutoka ikalia, na wengine hawakuondoka hata baada ya kengele.

Kabla ya kufika kwenye hitilafu, inafaa kueleza ni nini hasa kilichokuwa kikifanya kazi pale, kwa sababu jibu zima la kisa hiki limo humo. Vitu viwili vigumu vikigusana, havigusani kwa uso wote tunaouona. Vinagusana kwenye vinundu vichache vidogo mno, na umeme wote hulazimika kupita humo. Mkandamizo ukiongezeka kidogo, vinundu vinavyogusana huwa vingi zaidi na vipana zaidi, na ukinzani, yaani kiasi cha kuzuia umeme, hupungua. Mkandamizo ukilegea, ukinzani hupanda. Sasa sauti inapogonga kisanduku, kisanduku hutetemeka na vijiti viwili vya chini hutetemeka nacho, ilhali kijiti cha juu, kwa uzito wake na kwa kuwa hakikufungwa popote, huchelewa kidogo kufuata. Katika kuchelewa huko ndipo kijiti hulemea na kulegea mara mamia kwa sekunde, ukinzani hupanda na kushuka kwa mwendo uleule wa sauti, na mkondo wa umeme hufuata. Iafoni, ambayo ni koili iliyo karibu na sumaku ikiwa imeshikana na kiwambo chepesi, huyageuza mabadiliko hayo ya mkondo kuwa sauti tena.

Nguvu inayokisukuma kiwambo cha iafoni hutoka kwenye betri, wala si kwenye koo la msemaji. Msemaji ni kama mkono ulio juu ya koki: unafungua na kufunga, lakini maji yanatoka kwenye tangi. Ndiyo maana kifaa cha kiberiti na penseli kiliweza kusikika bila amplifaya, na ndiyo maana simu za waya duniani zilitumia maikrofoni za kaboni tangu karne ya 19 hadi miaka ya 1980. Ukichukua spika ndogo na kuitumia kinyume, yaani kuizungumzia ili koili yake izalishe umeme, inafanya kazi pia, na kwa usafi zaidi, lakini umeme unaotoka ni mdogo mno na bila amplifaya hausikiki kwa mbali.

Aliyelieleza jambo hili hadharani kwa ukamilifu ni David Edward Hughes, ambaye kabla ya kuwa mvumbuzi aliwahi kufundisha muziki huko Kentucky, Marekani. Mwezi Mei 1878 taarifa yake ilisomwa mbele ya Royal Society ya London, chama cha wanasayansi. Njia aliyopitia inahusiana na kisa chetu kwa karibu. Alikuwa akivuta waya uliokuwa ukipitisha umeme ili aone kama utaitikia sauti, na waya haukuitikia hata ulipokazwa vipi. Wakati ulipokatika ndipo aliposikia kishindo kwenye simu, na alipozirudisha ncha mbili zilizokatika na kuzigusanisha kwa mkandamizo mwepesi, sauti zikaanza kupita. Baadaye alionyesha kwamba misumari mitatu tu, miwili ikiwa imelazwa sambamba na mmoja ukiwa juu yake, inatosha kuwa maikrofoni. Hakuuwekea hataza uvumbuzi wake, aliuachia umma. Thomas Edison, aliyekuwa ametengeneza chombo chake cha kaboni mwaka uliotangulia, alimlalamikia vikali, na ubishi ule ulichukua nafasi kubwa magazetini. Kwangu mimi inatosha kwamba mtoto wa Morogoro mwenye penseli mbili anaweza kurudia jaribio lile bila kumwomba mtu ruhusa.

Misumari inafanya kazi kwa muda, kisha inachoka, kwa sababu chuma hushika kutu na utando wa kutu huzuia umeme. Kaboni haina tatizo hilo: ikiungana na oksijeni hutoa gesi, na gesi haibaki juu ya kijiti kama utando. Pia haishikamani kwa cheche ndogo zinazotokea mahali pa kugusana, jambo ambalo metali hulifanya. Kwa hiyo penseli haikuchaguliwa kwa kuwa ni rahisi kuipata tu.

Sasa nifike kwenye usiku wa kuamkia maonyesho. Shule iliyokuwa mwenyeji iko mbali, na kifaa kilipaswa kusafirishwa kwa daladala. Kila kisanduku kilipoinuliwa, kijiti cha juu kilidondoka, na mara mbili kilikuwa kimevunjika kwa kuanguka sakafuni. Binti aliyekuwa fundi mkuu wa kikundi alikipeleka nyumbani, na akiwa huko akakifunga kijiti kwa mipira miwili ile ya kufungia noti, mmoja kila upande, akikivuta chini kwa nguvu dhidi ya vijiti viwili. Alikaza pia kila kiungo cha waya. Kisha akajaribu: aligusisha waya kwenye betri na akasikia mlio wa “tak” kwenye iafoni, mkubwa kuliko alivyowahi kuusikia. Alizungumza kwenye kisanduku na akajisikia. Akalala akiwa na hakika kwamba kifaa kimeimarika.

Mbele ya waamuzi, mwanafunzi mmoja alizungumza na mwingine akasikiliza kwenye kona ya ukumbi, na hakukuwa na kitu. Walibadilisha betri. Hakukuwa na kitu. Kwa kudhani kwamba umeme ni mdogo, wakaunga betri tatu mfululizo, volti 4.5, na baada ya muda mfupi hata ule mlio wa “tak” ukatoweka. Mwamuzi mmoja, mama mhandisi mwenye upole, aliwauliza wanadhani kosa liko wapi, nao wakajibu kwamba betri ni mbovu. Aliandika kitu kwenye karatasi yake na kusonga mbele kwenye meza iliyofuata. Nilisimama nyuma yao, na nilipoitazama ile mipira sikuona kosa. Niliona kazi nadhifu.

Siku ya kwanza ya wiki iliyofuata tuliketi maabara na kifaa hicho, na nikaweka sharti moja tu, kwamba hakuna anayegusa kitu kabla hali yake haijaandikwa, na kila mara kinabadilishwa kitu kimoja. Betri ilipimwa ikiwa inafanya kazi, wala si ikiwa peke yake, kwa kuwa betri iliyochoka inaweza kuonyesha volti nzuri mpaka pale inapobebeshwa mzigo; ilikuwa nzima. Waya zilipimwa mmoja mmoja, zote zikawa nzima. Iafoni ilikuwa imeungua: koili yake haikupitisha umeme hata kidogo. Kwa muda mfupi darasa lilishangilia kwamba mhalifu amepatikana, hadi kijana mmoja alipokumbusha kwamba iafoni hiyo ilikuwa bado inatoa mlio wakati waamuzi walipofika, na ukimya ulikuwepo kabla ya betri tatu kuungwa. Iafoni ilikuwa imekufa kwa dawa, wala si kwa ugonjwa wenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa hatua muhimu ya uchunguzi ule, na namshukuru aliyeisema.

Tulileta iafoni nyingine, bado kimya. Ndipo multimita, kifaa cha kupimia umeme, ilipowekwa kwenye maikrofoni yenyewe, ikiwa na mipira yake miwili. Ilisoma omu 12 (omu ni kipimo cha ukinzani). Tuligonga meza, tukapiga kelele, tukapuliza. Ilibaki omu 12. Katika daftari la kikundi, siku ya kwanza, kulikuwa na vipimo vitatu vilivyochukuliwa kwa kufuatana bila kugusa chochote: 38, 44, 31. Wakati ule waliviandika kwa kusikitika, na pembeni yake wakaandika kwamba kifaa hakitulii. Tulipoitoa mipira mmoja baada ya mwingine, tarakimu zilianza tena kucheza kati ya omu 30 na 50, na aliyevaa iafoni akainua mkono ghafla kwa sababu alikuwa ametusikia sote tukizungumza kwa mpigo mmoja.

Hesabu za Ohm zinaonyesha wazi kilichotokea, na zinastahili kufanywa ubaoni. Iafoni yetu ina ukinzani wa omu 32. Maikrofoni ikiwa na omu 40, jumla ni 72, na volti 1.5 zikigawanywa kwa 72 zinatoa takriban miliampia 21. Ikishuka hadi omu 30, mkondo unapanda hadi miliampia 24. Ikipanda hadi omu 50, mkondo unashuka hadi 18. Ni huko kupanda na kushuka kunakosikika. Kijiti kilipofungwa, jumla ikawa omu 44 na mkondo ukawa miliampia 34, mwingi kuliko siku yoyote, lakini haukubadilika, na mkondo usiobadilika hukivuta kiwambo mahali pamoja na kukiacha hapo. Hii ndiyo sababu ya ule mlio mkubwa wa usiku: wakati wa kuunga betri mkondo uliruka kutoka sifuri hadi 34, badala ya 21. Dalili ambayo binti yule aliichukua kuwa afya ya kifaa ilikuwa ndiyo dalili ya ugonjwa wake. Na betri tatu zilipoungwa, mkondo ulifika miliampia 102, joto kwenye koili likawa mara tisa ya lile la betri moja, na iafoni ndogo namna ile haikuweza kulihimili.

Kuna jambo la pili katika jaribio la usiku ambalo ningependa kila mwalimu alizingatie. Alisema alijisikia. Hakika alijisikia, kwa sababu mdomo wake na masikio yake vilikuwa kwenye kichwa kimoja. Mtu aliye peke yake chumbani hawezi kutofautisha sauti iliyopita kwenye waya na ile iliyofika sikioni mwake moja kwa moja, na iafoni isiyoziba sikio vizuri haimsaidii. Maikrofoni hujaribiwa na watu wawili walio pande mbili za ukuta. Akiwa mmoja, aiache kando ya saa chumba kingine, na waya uwe mrefu wa kutosha.

Nirudi kwangu. Siku chache kabla ya maonyesho nilikuwa nimefundisha usalama wa umeme wa majumbani. Niliwaonyesha soketi iliyoungua, plastiki yake ikiwa imekunjamana na kuwa kahawia, nikaeleza kwamba waya uliolegea kwenye skrubu hutengeneza ukinzani mahali ambapo haupaswi kuwepo, ukinzani huzaa joto, na joto huchoma nyumba. Niliwaambia kwamba muunganiko uliolegea ni adui. Yote hayo ni kweli na nitaendelea kuyafundisha. Lakini sikuwaambia kwamba katika kifaa walichokuwa wakikitengeneza wiki ileile, muunganiko uliolegea ndio kifaa chenyewe, na kwamba vilivyobaki, yaani betri, waya na kisanduku, vipo kwa ajili ya kuuhudumia. Walikuwa wameandika kwenye bango lao kwamba sauti hubadilisha ukinzani; hawakuwa wameambiwa ni ukinzani wa mahali gani, na bila kujua mahali, waliiona grafiti nzima kama kitu kinachosikia. Grafiti haisikii. Kinachosikia ni ile nafasi ndogo baina ya kijiti na kijiti.

Mmoja wao aliuliza kama basi kulegea kukizidi ndiyo bora zaidi, na swali hilo lilitupatia alasiri nyingine nzuri. Tulizungusha waya mwembamba wa shaba katikati ya kijiti cha juu ili kukiongezea uzito, kwanza mizunguko miwili, kisha kumi, tukihakikisha waya haugusi vijiti vya chini. Kijiti kikiwa kitupu, sauti ilikuwa kubwa lakini yenye kukatika, kwa sababu kwenye mtetemo mkubwa kijiti kiliruka kabisa na saketi ikafunguka. Kwa mizunguko miwili ukwaruaji ulipungua na maneno yakaeleweka vizuri zaidi. Kwa kumi sauti ilikuwa safi lakini hafifu, na mlio wa saa haukusikika tena. Kwa hiyo mkandamizo una kipimo chake, na kipimo hicho hutegemea unataka kusikia nini: anayetaka kusikia mende akitembea juu ya meza atachagua kijiti chepesi, na anayetaka mazungumzo atakiongezea uzito.

Hata hivyo, tatizo lililomsukuma binti yule kufunga mipira lilikuwa halisi, na lilihitaji jibu. Kijiti kinachodondoka kila kisanduku kikiinuliwa hakiwezi kusafiri. Jibu tulilolifuata ni lile ambalo Hughes mwenyewe alilifikia: kijiti cha kaboni chenye ncha pande mbili, kikisimama wima kati ya vipande viwili vya kaboni vyenye vishimo, kikiwa huru kutikisika ndani ya vishimo hivyo lakini kisiweze kutoka.

Vipande vya kaboni vilipatikana ndani ya betri kubwa za tochi zilizokwisha. Katika betri za bei nafuu za zinki na kaboni kuna nondo nyeusi katikati, ambayo watoto wengi wa vijijini wameichorea ukutani bila kujua jina lake. Nasisitiza kwamba ni betri za aina hiyo tu. Zile zilizoandikwa alkalini zina kemikali inayounguza ngozi na macho na hazipaswi kupasuliwa, na za simu ni hatari zaidi kwa kuwa huweza kulipuka moto. Kazi hiyo niliifanya mimi, nikiwa nimevaa glavu, juu ya gazeti, na ule unga mweusi ulifungwa na kutupwa salama. Nondo ilioshwa, ikakaushwa juani, ikakatwa kwa msumeno wa chuma kuwa vipande viwili, na kila kipande kikatobolewa kishimo kifupi kwa ncha ya bikari. Vipande hivyo viligundishwa kwenye ubao mwembamba uliosimamishwa wima, kimoja juu na kingine chini, na kati yao kikawekwa kijiti cha penseli cha sentimita tatu, kimechongwa ncha pande zote. Ukikigusa kwa kidole, kinacheza kidogo sana, kama jino la mtoto linaloanza kulegea. Waya zilizungushwa kwenye vipande vya kaboni na kukazwa kwa koleo kwa nguvu zote, kwa sababu pale mgusano legevu ungekuwa kosa kwelikweli. Chini ya kitako tuliweka sponji, ili vishindo vya meza visimeze sauti ya mtu.

Maikrofoni hii ya pili ilibebwa ndani ya mfuko wa daftari hadi nyumbani kwa mwanafunzi na kurudi, ikafanya kazi bila kurekebishwa. Ina mapungufu yake na siyafichi. Herufi kama s, f na sh humezwa na mlio wa kaboni unaofanana na kuchemka, kwa hiyo msikilizaji hutegemea irabu na mwendo wa sentensi. Ikiinamishwa sana, ncha ya juu huacha kugusa. Ikikaa muda mrefu bila kutikiswa hupungua nguvu, na kugongwa kidogo kwa ukucha huirudisha. Waliotumia simu za mezani za zamani, ambazo zilikuwa na punje za kaboni badala ya kijiti, watakumbuka jinsi mkono wa simu ulivyokuwa ukigongwa kwenye kiganja kwa sababu hiyohiyo, ili punje zilizoshikana ziachane.

Wanafunzi walitaka pia kurekodi sauti yake kwa simu ya mkononi, na matokeo yake yanafaa kutajwa kwa sababu wengine watajaribu. Walipoiunga kwenye tundu la iafoni badala ya maikrofoni ya kawaida, simu ilianza kupiga na kusimamisha muziki yenyewe. Simu za Android hutarajia maikrofoni yenye ukinzani wa omu 1000 au zaidi, na ukinzani wa omu 70 au chini huufasiri kuwa ni mtu amebonyeza kitufe kwenye waya wa iafoni. Maikrofoni yetu ya omu 40 ilikuwa ikibonyeza kitufe hicho kila mara ilipotikisika. Inawezekana kuipatia saketi yake yenyewe na kupitisha mabadiliko tu kwa kapasita, kijenzi kinachozuia mkondo usiobadilika, lakini hapo tayari tumetoka jikoni na kuingia dukani kwa fundi redio, nikaona tuliache.

Kifaa cha kwanza kipo kwenye rafu ya maabara, na mipira yake miwili iko kando yake ndani ya kifuniko cha chupa, ili kila darasa jipya liifunge na kuifungua na kusikiliza tofauti. Binti yule amekwisha kuhamia kwenye swali lingine. Ameona kwamba kijiti kimoja kikiruka, saketi yote hukatika, na anauliza ingekuwaje kama vijiti vingekuwa kadhaa, vimesimama bega kwa bega, ili kimoja kikiacha kugusa vingine viendelee. Nilimweleza kwamba mwaka 1881, mjini Paris, Clément Ader aliweka maikrofoni zenye vijiti vingi vya kaboni mbele ya jukwaa la Opera, na watu waliokuwa kwenye jengo jingine wakawasikiliza waimbaji kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama zile betri kubwa zilizokwisha bado zipo. Tunazo kumi na moja, na vishimo vinne vya kwanza vimekwisha kutobolewa.